Bawa kwa Bawa

Nati haikusogea. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Usami Genzo asubuhi ile, kwa sababu kama ingekuwa imelegea angekuwa ameshamaliza kazi, amefunga begi lake na kurudi Sendai kwa wezi wake wa kawaida.

Alikuwa amepiga magoti ndani ya banda la ndege la uwanja wa majaribio wa Kurosaki, mbele ya turubai lililotandazwa mabaki ya ndege aliyofia Sajini Wakui juzi. Jeshi lilikuwa limemwazima kutoka polisi wa mji, maana wapelelezi wake wengi walikuwa wameshapelekwa kusini vitani. Ndege alikuwa hajapata kupanda hata moja. Mkononi alishika kile kibawa kidogo kinachokaa nyuma ya bawa kubwa, kinachoinuka na kushuka rubani anapotaka ndege ilalie upande. Kilikuwa kimechomoka angani, ndege ikajizungusha, ikavunjikavunjika na kumwagika kwenye mashamba ya figili.

Shitaka lilikuwa limeshaandikwa: Fundi Kuji Denkichi hakukaza nati za kibawa. Kama ni kwa uzembe au kwa makusudi, hilo polisi wa jeshi wangelipata wenyewe huko Tokyo, nao wana njia zao za kulipata. Treni ilikuwa ya jioni. Mwaka ule wa vita, fundi aliyepandishwa treni kwa shitaka la kuhujumu ndege hakurudi tena, na kila mtu pale uwanjani alilijua hilo, Kuji mwenyewe akiwa wa kwanza.

Lakini mafundi wa Kurosaki walikuwa na mtindo wao. Ukishakaza nati unachukua brashi nyembamba, unapiga mstari wa rangi nyekundu kuanzia kwenye nati mpaka kwenye bati. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Usami alisugua tope kwa kidole gumba, nati moja baada ya nyingine. Mistari yote ilikuwa mizima. Kilichochanika ni bati lenyewe, limeraruka kama nguo iliyonaswa kwenye msumari, na nati zimebaki zimeking'ang'ania kipande.

Alinyanyuka, akakung'uta magoti. Fundi alikaza. Basi kibawa kiling'olewa na kitu kingine, na kule juu hakukuwa na kitu kingine ila upepo.

Kapteni Tachihara, aliyekuwa akirusha ndege ya pili siku ile, alimpokea kwenye chumba cha marubani, miguu ameinyoosha karibu na jiko la mkaa. Jina lake lilikuwa limeandikwa magazetini tangu vita vya Burma. Marubani vijana wakipita mlangoni walikuwa wanashusha sauti, kama watu wanaopita mbele ya hekalu.

"Inspekta, mimi nilishasema yote," alisema. "Au wezi wa baiskeli wamekwisha huko kwenu?"

"Wapo tele, afande. Ndiyo maana nataka nimalize hapa haraka."

Tachihara akacheka, akammiminia chai ya shayiri, akaeleza upya bila kuombwa mara mbili. Jeshi lilikuwa limeletewa ndege mpya ya kivita, nzito, injini kubwa, bati nene mgongoni mwa rubani. Mafundi waliibatiza jina la Nguruwe. Ilikuwa ikipimwa dhidi ya ile ya zamani, nyepesi, waliyoiita Mbayuwayu, ambayo marubani wote waliipenda kuliko wake zao. Jaribio lilikuwa la kupiga mbizi. Ndege mbili zinapanda mpaka mita elfu tano zikiwa sambamba, zinainamisha pua pamoja, mikono ya mafuta, ile inayoipa injini nguvu, inasukumwa mbele mpaka mwisho, halafu watu wanaangalia ni ipi itamwacha mwenzake. Tachihara alirusha Nguruwe. Wakui alirusha Mbayuwayu. Walikuwa wameshafanya hivyo mara kadhaa kabla ya juzi.

"Na juzi mlishukaje?"

"Kama siku zote. Bawa kwa bawa."

"Mpaka chini?"

"Mpaka kibawa chake kilipochomoka. Uliza uwanja mzima. Nguruwe wao huyo, na mafuta yote anayokunywa, hajapata kumwacha Mbayuwayu hata kwa urefu wa pua." Alilisema kwa raha ambayo hakujaribu kuificha, rafiki yake hajatimiza hata siku tatu kaburini.

"Mwendo ulikuwa kiasi gani?"

"Kilomita mia sita na kidogo kwa saa. Mbayuwayu ana mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo, uko mia sita na hamsini. Hatukuufikia. Sasa wewe niambie, mstari hatujaufikia na kibawa kimetoka, ni nani kama si fundi?"

"Na wewe injini yako ulikuwa umeifungulia yote?"

"Yote. Ndiyo amri ya jaribio."

Usami akauliza kama Wakui alikuwa mtu wa kupenda sifa, wa kuvuka mstari ili aonekane. Hapo uso wa Kapteni ukabadilika, akatazama mkaa. Alisema Wakui amekuwa rubani wake wa ubavuni kwa miaka miwili, na rubani wa ubavuni hana mambo ya sifa. Haangalii chini, haangalii saa, macho yake yako kwenye bawa la mkubwa wake tu, basi. Mkubwa akienda naye anakwenda.

"Ndivyo nilivyomfundisha," alisema. "Na ndivyo ninavyowafundisha wote hapa."

Usami alishukuru kwa chai, akatoka. Hakuwa na neno hata moja la kulikamata. Uwanja mzima ulikuwa umeona ndege zile zikishuka bawa kwa bawa, na Kapteni naye kasema hivyo hivyo.

Mtu wa kwanza kulishtukia hilo la bawa kwa bawa alikuwa Mhandisi Tadokoro, mmoja wa waliomchora Nguruwe. Alikuwa kwenye ofisi yake, tai imelegea, ndevu za siku nyingi. Usami alipomsimulia maelezo ya Kapteni, Tadokoro alicheka kicheko kikavu.

"Bawa kwa bawa. Kila mtu ananiimbia wimbo huo. Mimi ndio unaoninyima usingizi."

"Kwa nini? Vitu viwili vikianguka, kizito na chepesi, si vinafika pamoja? Hata shuleni tulifundishwa."

Mhandisi alichukua makopo mawili ya chai yaliyofanana, moja tupu, jingine akalijaza mchanga kutoka kwenye ndoo ya kuzimia moto. Akayasukuma pamoja kutoka ukingoni mwa meza. Yaligonga sakafu kwa kishindo kimoja. Halafu akayaokota, akamshika Inspekta mkono, akampandisha ngazi za mnara wa kuongozea ndege mpaka juu kabisa, hata askari wa zamu akafikiri kuna hatari. Akayaachia tena. Safari hii lile la mchanga lilitangulia kugonga, na lile tupu likaja nyuma yake likiyumbayumba.

"Umeona? Mwanzoni upepo haujapata nguvu, yote mawili yanavutwa na dunia tu, kwa hiyo yako sawa. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Ukizitazama zinapoinamisha pua utaapa hazina tofauti. Lakini kadiri mwendo unavyopanda, upepo nao unakaza. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Sasa mwenye uzito mkubwa ndiye mwenye nguvu ya kuupasua, na mwepesi anaanza kuzuiwa. Nguruwe ana uzito, na juu ya uzito ana injini inayovuta zaidi. Kule chini lazima amwache mwenzake. Si suala la kupenda."

"Na kama hakumwacha?"

"Basi Nguruwe ni mgonjwa. Injini haivuti. Tena injini isiyovuta ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana upepo ndio unaozungusha propela, na propela ikizungushwa na upepo inakuwa breki. Ni kama mtu anayeteremka mlima huku kaburuta visigino." Alijifuta jasho, ingawa mnarani kulikuwa na baridi. "Leo alasiri wanalirudia jaribio kwa mara ya mwisho. Likitoka vile vile, Tokyo wanaifuta ndege yangu. Marubani wakongwe watafanya sherehe. Wao wanataka ndege ya kugeukageuka tu. Adui akipiga mbizi akawakimbia wanamwita mwoga, kisha kesho yake anawarudia kutoka juu na kuwaua."

Usami aliteremka mnara akiwa na wazo baya. Mafundi walikuwa wamepungua kwa sababu ya vita, na ndege zote mbili zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kama Nguruwe alikuwa mgonjwa, basi aliyempa ugonjwa ni Kuji, na mtu aliyeharibu ndege moja hashindwi kuharibu mbili. Ile mistari myekundu hata mtoto angeweza kuipaka baadaye. Alikwenda mahabusu akiwa amekunja uso.

Kuji Denkichi alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa, amekaa juu ya mkeka, bakuli lake la viazi vitamu halijaguswa. Alisikiliza tuhuma mpya mpaka mwisho. Hakulia wala hakuapa.

"Inspekta, ile ndege imeguswa na mtu tangu juzi?"

"Imefungwa kwa lakiri ya polisi."

"Basi nipeleke. Nifunge kamba utakavyo, lakini nipeleke."

Walimpeleka, askari wawili wameshika ncha za kamba. Nguruwe alisimama peke yake mwishoni mwa banda, pua juu. Kuji alimwelekeza Usami atoe plagi za injini mwenyewe, asije mtu akasema fundi kafanya mazingaombwe. Usami alihangaika na spana mpaka ya kwanza ikatoka. Ilikuwa nyeusi tititi, imelowa oili. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilimchafua mkono wa shati.

"Injini iliyovuta kwa nguvu zake zote inarudi na plagi kavu, za kijivu," Kuji alisema. "Hizi ni za injini iliyokokotwa. Imezungushwa na upepo huku haipewi mafuta, oili imepanda mpaka juu. Kila jaribio anarudi hivi. Nilimwambia Kapteni mara mbili. Akasema kazi ya fundi ni kusafisha, si kuuliza."

"Au injini ni mbovu na wewe unajua."

"Weka plagi safi, uiwashe."

Waliweka, wakamsukuma Nguruwe nje, rubani mmoja wa zamu akaiwasha. Kuji alisimama na kamba zake, kichwa amekiinamisha upande. Mkono wa mafuta uliposukumwa mpaka mwisho, kofia ya askari mmoja ilipeperuka na madirisha ya ofisi yakatetemeka. Ilinguruma bila kukohoa hata mara moja. Ikazimwa. Plagi zilipotolewa tena zilikuwa kavu.

Usami alisimama akizitazama. Ndege ilikuwa nzima. Basi hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyeweza kuinyamazisha injini ile kule angani ila yule aliyekaa ndani yake na kushika mkono wa mafuta. Alimgeukia Kuji. Fundi aliangalia chini.

"Mimi ni fundi tu, Inspekta. Maneno mengine usinitilie kinywani."

Kulikuwa na shahidi mmoja ambaye polisi wa jeshi hawakumwandika, kwa kuwa alikuwa mwanamke na mkulima. Usami alimkuta Bi Tome akining'iniza figili kwenye fito ili zikauke, akamuuliza aliona nini juzi. Alisema hakuona kitu, macho yake yameshachoka, lakini masikio anayo.

"Zilikuwa mbili, mwanangu, lakini iliyolia ni moja. Ile nene ilikuwa inapuliza tu, kama mtu anayepoza uji. Mpaka nikajiuliza, hii nayo imelala?"

Sasa alikuwa na kisa kizima. Tachihara hakumpenda Nguruwe. Alitaka ionekane kwamba hana faida yoyote, basi kila jaribio alikuwa akikata mafuta, akimzuia kwa propela yake mwenyewe, akichezacheza na mkono ule taratibu mpaka Mbayuwayu abaki pale pale ubavuni. Na Wakui, macho kwenye bawa la mkubwa wake, mkono wa mafuta mbele mpaka mwisho, akamfuata mpaka mwendo ambao bati lake halikuuweza. Kilichobaki ni mtu wa kumsikiliza.

Kanali, mkuu wa uwanja, hakuwa mtu huyo. Alimsikiliza Usami akiwa amesimama, glavu mkononi, kisha akamuuliza kama anajua anamtaja nani. Shujaa wa Burma, kwa ushahidi wa oili, wa mfungwa na wa bibi wa figili. Alisema jaribio la mwisho ni saa nane, Kapteni atarusha Nguruwe kama kawaida, na jioni mfungwa atapanda treni. Kama Inspekta anataka kubadili lolote kati ya hayo, alete kitu ambacho Kanali atakiona kwa macho yake.

"Na nani anarusha Mbayuwayu?" Usami aliuliza.

"Sajini Iwase."

Iwase alikuwa ameshavaa, anafunga kofia ya ngozi. Kijana mchangamfu, meno meupe. Usami alimvuta pembeni, akamwomba jambo moja tu: wakishuka, aangalie saa ya mwendo, na mshale ukigusa mstari mwekundu avute pua juu, Kapteni awe amevuta au hajavuta.

Kijana alimtazama kama mtu aliyeombwa avue suruali mbele ya watu.

"Inspekta, hilo haliwezekani. Rubani wa ubavuni haangalii saa. Nikimwacha Kapteni hewani nitamtazama vipi mezani?"

Usami alikuwa amekuja kuokoa mtu mmoja na sasa walikuwa wawili.

Alitembea upesi mpaka kwa Nguruwe. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Alipanda juu ya bawa, kitu ambacho raia haruhusiwi, akainama kwenye chumba cha rubani. Tachihara alikuwa akijifunga mikanda.

"Kapteni, plagi zako ni mpya. Amezifunga Kuji, na mimi nilisimama pale. Ukishuka nitazitoa mbele ya Kanali."

"Zitamwambia nini Kanali?"

"Nani alivuta na nani alikokotwa. Za juzi ninazo mfukoni."

Mikono ya Tachihara ilisimama kwenye mkanda. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Wewe ni mtu wa mjini, hujui. Wakilitengeneza jinguruwe hili kwa mamia, vijana wangu watapelekwa vitani na kitu kisichogeuka. Nimeona watu wanavyokufa kule. Mbayuwayu ndiye aliyenirudisha nyumbani mimi. Nilikuwa nawalinda."

"Wakui ulimlinda?"

Kapteni akarudi kwenye mkanda wake, akaukaza.

"Nimemwomba Iwase aangalie saa," Usami alisema. "Amekataa. Anasema ataangalia bawa lako. Ndivyo ulivyomfundisha."

Tachihara aligeuza shingo upande wa kulia. Iwase alikuwa ameshaketi kwenye ndege yake, akamwona, akainua mkono kwa furaha. Kapteni alimtazama kwa muda. Kisha akavuta miwani ikafunika macho, akamwashiria Usami ashuke kwenye bawa lake.

Walisimama mbele ya mnara, shingo nyuma: Kanali na maofisa wake, Tadokoro akitafuna ncha ya tai, Usami, na mwisho wa mstari Kuji na kamba zake, kwa kuwa askari waliomshika nao walitaka kuona. Ndege mbili zilikuwa vidoa viwili kwenye anga jeupe. Halafu vidoa vikainamisha pua.

Mwanzoni vilikuwa sambamba kabisa, kama yale makopo ukingoni mwa meza. Usami hakutazama sana, alisikiliza. Sauti moja ilikuwa inashuka, nyembamba, ya injini ndogo inayojitahidi. Moja tu. Alimtupia jicho Kuji. Fundi alikuwa amefumba macho, na midomo yake imekuwa myeupe. Ndege zikaendelea kushuka zikiwa zimeshikana ubavu, na Usami akawaza kwamba Kapteni ameamua. Alijiona mjinga, na alijiona amemuua kijana yule kwa mkono wake, kwa kutomng'ang'ania mguu asipande.

Ndipo sauti ya pili ilipoingia. Ilikuja nzito kutoka chini ya ile ya kwanza, ikaifunika, ikajaza uwanja. Kuji alifumbua macho.

Nguruwe alisogea. Kwanza pua, kisha mwili mzima, kisha kukawa na anga kati yao, na anga lile likawa linapanuka kila ukipepesa jicho. Mbayuwayu alibaki nyuma akitetemeka. Iwase hakuwa tena na bawa la kuliangalia. Kilichobaki mbele yake ni saa, na lazima aliitazama, kwa sababu pua yake iliinuka taratibu, akatoka kwenye mbizi akiwa mzima, huku mwenzake akiwa bado anadidimia mbele kwa mngurumo uliowafanya maofisa wajishike kofia.

Tadokoro alikuwa analia wazi wazi, mikono mifukoni.

"Mbona siku zote hizo..." Kanali alianza. Alimgeukia Usami, na Usami akatoa mfukoni plagi tatu nyeusi, akamwekea kiganjani. Glavu nyeupe ya Kanali ikachafuka.

Tachihara alitua wa mwisho. Alitembea kutoka kwenye ndege mpaka pale walipo bila haraka, kofia mkononi, nywele zimelowa jasho. Alipiga saluti mbele ya Kanali, lakini hakumsemesha. Aliwapita maofisa wote akasimama mbele ya fundi.

"Juzi tulishuka zaidi ya siku zote, saa yangu ya mwendo ilikuwa mia saba na ishirini," alisema. "Niliona bawa lake linatetemeka. Nikasema ataweza, Mbayuwayu anaweza lolote. Nati zako zilikuwa nzuri, Kuji."

Aliinama mpaka mgongo ukalala, akakaa hivyo muda mrefu. Kuji hakujua afanye nini, akataka kuinama naye, kamba zikamzuia. Kanali akafanya ishara na askari wakaanza kufungua mafundo.

Tachihara alipoinuka alikuwa karibu na Usami. Alizungumza kama mtu anayeeleza jambo dogo aliloligundua njiani.

"Miaka miwili, kila nikigeuza shingo kulia namkuta Wakui. Leo nimesukuma mkono mpaka mwisho, nikageuza shingo."

"Ukaona nini?"

"Hapakuwa na mtu."

Alinyoosha mikono yake mbele, na askari waliokuwa wameshika kamba iliyotoka kwa fundi wakatazamana, kisha wakaitumia. Treni ya jioni iliondoka Kurosaki na mfungwa mmoja, kama ilivyokuwa imepangwa.